Je, Tunaboresha Injini au Makala?

Miongoni mwa istilahi zilizoingia katika matumizi bila ya kupimwa vya kutosha ni "uboreshaji wa injini ya utafutaji". Hutumiwa kutajia kazi ya kuipanga makala, hasa makala ndefu ya tovuti, ili wenye haja nayo waipate kwa urahisi wanapotafuta katika intaneti. Kosa lake ni la sarufi kabla halijawa la ufundi. Neno "wa" lamfanya msomaji aamini kwamba kinachoboreshwa ni injini. Lakini injini hiyo, iwe ni ya Google au ya Bing, ina wenyewe. Mwandishi aliyeketi Dodoma hawezi kuigusa hata parafujo moja. Kilichomo mikononi mwake ni makala yake. Kiingereza hupanga majina matatu sambamba na kuuacha uhusiano wao ukisie. Kiswahili hakitoi ruhusa hiyo.

Lau lingekuwa suala la sarufi peke yake, tungelipita. Twaona hata hivyo kwamba jina hili limewafanya waandishi wengi wadhani wanamwandikia mtambo. Mwandishi huambiwa achague neno, alirudie lilivyo kila aya, kisha airefushe makala mpaka ifikie idadi fulani ya maneno. Google yenyewe ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii maneno yaliyofichwa na mwandishi katika lebo ya maneno muhimu ya ukurasa ili kuipanga nafasi yake. Na miongozo yake yasema wazi kwamba haina idadi ya maneno inayoipendelea. Urefu hufaa pale tu makala inapokuwa na maswali mengi ya kujibu.

Shauri la kulirudia neno lilivyo lina madhara zaidi kwetu. Mzizi mmoja hutupa lima, mkulima, wakulima, kilimo, hulima na hawajalima. Anayeng'ang'ania "mkulima" katika makala nzima hujikuta akiukwepa wingi, na sentensi zake huanza kuchechemea. Afadhali aandike Kiswahili cha kawaida: maumbo hayo yote yatajitokeza yenyewe, na kila moja laweza kuwa ndilo aliloliandika mtafutaji.

Hapa ndipo watumishi wa umma wapaswapo kusikiliza. Sheria yetu husema "usajili wa vizazi na vifo". Mzazi anayetaka kumwandikisha mtoto shule haandiki hivyo. Huandika "jinsi ya kupata cheti cha kuzaliwa". Ukurasa unaotumia lugha ya sheria kuanzia kichwa mpaka tamati waweza kuwa sahihi kwa kila herufi, na mzazi huyo asiufikie, akaishia kwa dalali anayeuza fomu. Dawa yake si ngumu: kichwa kiwe na maneno ya mzazi, vichwa vidogo viwe maswali yake (ada, viambatisho, mahali pa kwenda), na jina la kisheria lielezwe katika aya ya kwanza.

Kwa hiyo twapendekeza "uandaaji wa makala kwa utafutaji". Ni refu kidogo, lakini lataja kinachoandaliwa na sababu yake. "Injini" tunaiacha ilivyo. Wapo wanaolalamika kwamba inanuka dizeli, lakini imekwisha kuzoeleka.

Nasi wa istilahi hatuna mikono safi. Tumeliacha jambo moja liitwe kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na kila jina lina makala zake. Mitambo ya leo hujitahidi kutambua maana, lakini mwanafunzi anayetafuta kwa jina moja bado aweza kukosa yaliyoandikwa kwa jina jingine.

Limebaki "neno kuu", ambalo wengine huliita "neno msingi". Yote mawili yadokeza kwamba mwenye neno ni mwandishi. Sisi tungependa liitwe "neno la mtafutaji", na twawaomba walimu na wafasiri walijaribu katika kazi zao kabla halijapelekwa kusanifiwa.