Dirty COW: kiraka kizuri, lakini kilichelewa

Kila mtu hapa anasifu Linux, na miye pia ninaisifu. Lakini kusifu bila kupima, hiyo si kazi ya mtu mwenye kusoma. Leo nipime kiraka kimoja: kile cha Dirty COW, Oktoba 2016. Miye ni mtu wa agronomia, si wa informatike, lakini lile kosa linaeleweka hata mu depot ya mbegu.

Unaomba kuandika mu register ya depot. Mulinzi anakataa, anakupa fotokopi: andika humo. Mbele uandike, mwenzako anaitupa. Mulinzi anarudi, amekwisha kusahau kama ulikuja kuandika, anafikiri unataka kusoma tu. Anakupa register yenyewe. Unaandika!

Njo vile keneli ilifanya. Kazi moja ya programu inaandika, ingine inaambia keneli itupe nakala, zinakimbizana. Keneli ilikuwa imefuta alama ya "anataka kuandika" mapema, basi maandishi yakaingia mu fishie ya kusomwa tu. Kwa hiyo mutumiaji mudogo aliweza kuwa mukubwa wa mashini yote.

Linus Torvalds alifanya nini? Hakuongeza kufuli nzito ya kuchelewesha kila kitu. Aliacha alama ya kuandika ibaki, akaongeza ingine: "nakala imekwisha kufanywa", na keneli inahakikisha kwamba ule ukurasa umekwisha kuandikiwa kweli. Mistari kidogo, akili mingi. Hapo ninapiga makofi.

Lakini kuna mambo mawili yananikwaza. La kwanza: yeye mwenyewe alikubali mu maelezo ya kiraka kwamba alijaribu kurekebisha jambo hili miaka 11 mbele. Ile kazi iliondolewa juu ilisumbua mashini za IBM za aina ya s390, na wakati ule mbio hiyo ilionekana ya nadharia tu. Kuondoa, sawa. Kuondoa na kutorudia, hapana! Mashini zimekuwa za haraka, nadharia ikakuwa mwizi.

La pili: mwaka 2017 ilionekana kwamba kile kiraka kilisahau kurasa kubwa za memwari. Huko ukurasa uliweza kupata alama ya "umeandikiwa" bila kupitia nakala. Ikabidi kiraka kingine. Ukiamini alama, uliza kwanza ni nani wote wanaweza kuiweka.

Na sisi? Android inatembea juu ya Linux. Telefone ya okazyo yenye haipate tena mizajuru, kiraka hakitaifikia hata siku moja. Ya kwangu ya zamani ilikuwa vile, na ndani mulikuwa majina ya wakulima na vipimo vya mashamba yao. Hawakunipa ruhusa ya kucheza na ile hatari.

Miye pia niliandikaka "hatari ndogo" mu rapport ya mihogo, nikafunga kitabu. Sasa ninaandika na tarehe ya kurudi kuangalia. Na weye, mu rapport yako, ni "haiwezekani" gani hujarudia kuipima?