Sauti na Nyuzi: Santuri za Mwanzo za Mwenda Jean-Bosco

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji mashuhuri wa muziki wa Afrika, alimrekodi kijana mpiga gitaa huko Jadotville, mji ambao sasa huitwa Likasi. Kijana huyo, Mwenda Jean-Bosco, alikuwa mzaliwa wa Bunkeya katika jimbo la Katanga, na gitaa lake lilikuwa kavu, yaani lisilotumia umeme. Santuri zake za mwanzo, hasa "Masanga", zilimpatia sifa iliyovuka mipaka ya Kongo.

Uhakiki mwingi wa kazi hizo umeelekea kwenye nyuzi. David Rycroft alizichambua kwa makini mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wengine wakafuata njia hiyo. Sifa wanazompa msanii ni za haki. Kwa kutumia gumba na kidole cha shahada tu, Mwenda huendesha sauti nzito na nyembamba kwa pamoja, kila moja ikifuata mapigo yake, hata msikilizaji akadhani wapigaji ni wawili. Lakini Mwenda ni mwimbaji pia, na lugha aimbayo ni Kiswahili. Hapo wataalamu wa lugha wamekaa kimya.

Kimya hicho kina sababu. Kiswahili cha Katanga husemwa kuwa ni kibovu, kwa kuwa husema "batu" mahali pa "watu" na "muke" mahali pa "mke". Hukumu hiyo haina msingi. Kiswahili kilifika Bunkeya katika karne ya 19 kwa njia ya biashara ya Wayeke wa Msiri, watu wenye asili ya Unyamwezi, kisha kikakua miongoni mwa wafanyakazi wa migodi waliotoka makabila mbalimbali. Ni lugha yenye historia na kanuni zake.

Tena, kanuni hizo zina kazi katika wimbo. Uchukuliwe mfano wa jina la wimbo "Kijana Muke". Kwa hesabu ya mizani, "mke" na "muke" ni sawa: kila neno lina mizani mbili. Lakini katika "mke" mkazo huangukia "m", sauti itamkwayo midomo ikiwa imefumbwa. Katika "muke" mkazo hupata irabu, na mwimbaji aweza kuivuta apendavyo huku gitaa likiendelea. Kinachoitwa kosa la sarufi kwa kweli ni nafasi kwa sauti.

Si kwamba kazi hizi hazina upungufu. Upande mmoja wa santuri za wakati ule ulichukua takriban dakika tatu tu, na wimbo hukatika kabla wazo halijakomaa. Mara nyingine ufundi wa vidole humvuta msikilizaji hata maneno yakampita. Atafutaye utenzi wenye visa vinavyofuatana hatauona.

Hata hivyo, Mwenda aliyefariki mwaka 1990 aliwahi kuishi Nairobi, na athari ya mtindo wake ilienea kwa wapiga gitaa wa Kenya. Vidole vyake vilipokewa. Maneno yake yaliachwa mlangoni. Fasihi ya Kiswahili ikihesabiwa kwa lugha ya pwani na ya vitabu peke yake, itakuwa imewafukuza wana wake wenyewe.