Shuka la Kitandani Nyuma ya Uso

Mwaka 1948 mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio nyumbani kwao Bamako, Mali, katika mtaa wa Bamako-Koura, jirani na gereza kuu. Mtaji wake ulikuwa ua, kamera kubwa ya miguu mitatu, na jua. Kitambaa cha kwanza alichotundika nyuma ya wateja kilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani, lenye matamvua.

Kisa hicho husimuliwa kama ushahidi wa uhaba. Ukizitazama picha zenyewe kwa utulivu, utaona kwamba shuka lile ndilo lililozaa mtindo.

Chukua picha yake mashuhuri ya mwanamke aliyejilaza, ya miaka ya 1950. Chini yake pana blanketi la mirabaraba, gauni lake lina mapambo, na nyuma kitambaa kimejaa maua. Kwa kanuni za kawaida hapo pana vurugu: marembo matatu yanagombania jicho moja. Lakini jicho halipotei. Linazunguka, linachoka, kisha linatua mahali pawili tu pasipo na rembo, usoni na mikononi. Ngozi ndiyo inayogeuka kituo cha kupumzikia. Na kwa kuwa kitambaa hakina upeo wala umbali, mwanamke anasukumwa mbele, karibu nasi, kana kwamba tumekaribishwa uani kwake.

Juzi nilijaribu jambo hilo nyumbani. Nilitundika kanga kwenye kamba ya kuanikia, nikamkalisha shangazi kwenye kigoda hatua mbili mbele yake. Picha ya kwanza iliharibika: jua la saa tano lilimpiga usoni, akakunja macho, na kivuli cha pua kikamfika mdomoni. Nikahamishia kamba na kigoda kwenye kivuli cha kibaraza, mwanga ukaingia kwa ubavuni, uso ukatulia. Hata hivyo picha haikukaa sawa. Kila niliyemwonyesha alisoma kwanza jina la kanga, ndipo akamtazama shangazi. Hapo nikaelewa werevu wa Keïta. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ina kitovu chake yenyewe, nacho hushindana na uso. Vitambaa vya Keïta hurudia rembo lilelile toka ukingo hadi ukingo, bila kitovu. Kitovu amekiacha wazi kwa ajili ya mtu.

Mkao nao umepimwa. Mara nyingi mabega yamegeuzwa kidogo na uso umerudi kuelekea kamera, hivyo mwanga unapita shavuni na kulipa umbo. Negativu zake kubwa, za sentimita 13 kwa 18, zilikuwa na gharama, kwa hiyo kwa kawaida alipiga mara moja tu. Uangalifu huo unauona katika vidole: kila kidole kimepangwa mahali pake kabla ya kamera kufunguka.

Mwaka 1959 alimpiga picha kijana mwenye suti nyeupe na miwani, ameshika ua moja. Safari hii nyuma hakuna rembo lolote, na kazi yote imeangukia vitu vidogo: ua, tai, kalamu mfukoni. Picha hii inathibitisha kwamba wingi wa marembo ulikuwa uamuzi, kwani aliweza kuuacha alipotaka.

Keïta alibadilisha kitambaa kila baada ya miaka miwili mitatu. Baadaye, picha zake zilipotoka Mali na kufika kwenye kumbi za Ulaya, wengi wa wateja wake hawakujulikana majina. Kilichosaidia kukadiria miaka ya picha ni vitambaa: cha matamvua kwanza, vya maua na majani baadaye. Nguo ya kitandani ikawa kalenda ya mji mzima. Basi anayetaka kumpiga mama yake picha nyumbani asilionee haya shuka lake. Alichague kwa makini, maana ndilo litakaloeleza siku ile ilikuwa lini.