Kijitabu cha Ibada ya Ndoa: Anza Kukisoma Katikati

Ukipokea kijitabu cha ibada mlangoni mwa kanisa, usikihukumu kwa jalada. Jalada ndilo linalohangaikiwa na kila kamati ya harusi: picha ya maharusi, majina ya dhahabu, utepe wa rangi ya sherehe. Fungua pale pini zilipobana, kwenye kurasa mbili za katikati, uone kilichowekwa hapo. Ukikuta viapo na pete, basi aliyekipanga anaijua kazi yake. Ukikuta ubeti wa tatu wa wimbo wa sadaka, na viapo vimekatwa, nusu huku na nusu nyuma ya karatasi, ile dhahabu ya jalada imeliwa bure.

Sababu iko kwenye karatasi yenyewe. Kijitabu cha kubanwa pini hukua kwa kurasa nne nne. Karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa nne za A5, mbili hutoa nane, tatu hutoa 12. Katika kijitabu cha kurasa nane, ukurasa wa 4 na wa 5 ni uso mmoja wa karatasi uliolala wazi. Cha kurasa 12, ni wa 6 na wa 7. Mtu akishafika hapo hana cha kufunua. Pasipo mpango huo, watu mia tatu watafunua kwa pamoja wakati bibi harusi anatamka kiapo chake kwa sauti ya chini, na mpiga video atarekodi mchakacho. Mpangaji hodari huanzia katikati: kwanza huviweka viapo mahali pake, kisha maandamano, sala na masomo huyapanga mbele yake, na utiaji sahihi, sadaka na baraka nyuma yake. Nafasi ikibana, hupunguza beti za wimbo au huongeza karatasi moja. Viapo havisogezi.

Baada ya hapo najiuliza kijitabu kimeandikiwa nani. Maharusi hawakishiki mkononi. Wazee wa kanisa liturgia wanaijua kwa moyo. Anayekihitaji ni yule wa benchi la nyuma: shemeji Mwislamu aliyetoka Tanga kumsindikiza mwenzake, bosi Mkatoliki ndani ya usharika wa Kilutheri wa KKKT, rafiki wa chuo aliyelelewa Kisabato. Huyu hajui lini anasimama, wala hajui kama jibu lile linalonguruma kutoka mabenchi ya mbele na yeye linamhusu. Asipoambiwa atamtazama jirani, na jirani naye pengine anamtazama yeye. (Nikaha haina tabu hii: shehe, walii, mashahidi na bwana harusi ndio wenye maneno, waalikwa wanasikiliza na kuitikia dua. Ndiyo maana huko kadi hutosha.)

Kwa hiyo kipimo cha pili ni maelekezo. Vitabu vya Misa tangu zamani huchapa maelekezo kwa wino mwekundu na sala kwa mweusi, na hekima yake haijachakaa. Si lazima rangi mbili. Herufi za mlalo kwa maelekezo, za kawaida kwa maneno ya mchungaji, na nene kwa maneno ya wote, zinatosha kabisa. Kosa la kawaida ni kuchanganya vitu hivi ndani ya aya moja, kiasi kwamba mtu anaanza kusoma kwa sauti "hapa maharusi wanapiga magoti". Nimewahi kusikia benchi zima likilitamka hilo kwa ibada kubwa.

Ndani ya maelekezo yenyewe pima sauti. "Simama!" ni amri ya paredi. "Mnaombwa kusimama kwa heshima na taadhima kwa ajili ya kuwapokea maharusi wetu wapendwa" ni kazi ya mshereheshaji, na itakuwa imekwisha kusomwa maharusi wakiwa wameshafika madhabahuni. Kijitabu kizuri husema "Tunasimama." Neno moja, na mgeni yumo ndani yake.

Sehemu ngumu kuliko zote kuiandika ni Meza ya Bwana. Kila kanisa lina sheria yake juu ya nani anashiriki, na kamati haina mamlaka ya kubuni. Kijitabu kisiposema kitu, mgeni hujikuta kwenye mstari bila kujua kama anastahili kuwapo, au hubaki peke yake akitazamwa. Sentensi mbili zilizokubaliwa na mchungaji au padre zinaokoa aibu hiyo: ya kwanza inasema nani anakaribishwa, ya pili inampa asiyeshiriki jambo la kufanya, kama vile kubaki ameketi akiwaombea maharusi. Ya pili husahaulika karibu kila mara, na mimi huipa alama nyingi kuliko picha yoyote. Angalia pia kichwa cha ibada. Ndoa ya Mkatoliki na mtu wa dhehebu jingine mara nyingi hufungwa bila Ekaristi. Kijitabu kinachoiita "Misa ya Ndoa" katika hali hiyo kimenakiliwa kutoka harusi ya mtu mwingine.

Nyimbo nazo hufichua unakili. Namba peke yake inamsaidia mwenye kitabu tu, tena kitabu kilekile. Tenzi za Rohoni ziko katika makanisa mengi, Walutheri wana Tumwabudu Mungu Wetu, Wasabato wana Nyimbo za Kristo, na wimbo mmoja wenye sauti ileile unaweza kuwa na namba nyingine na maneno mengine katika kila kitabu. Chapa maneno, na uyatoe kwenye kitabu ambacho kwaya itakishika siku hiyo. Usiyatoe kwenye ujumbe wa simu uliopita mikono kumi. Kila mstari uliochapwa ukatike pale pumzi ya mwimbaji inapokatika. Ukiona ubeti umebanwa kuwa aya moja ndefu ili kuokoa nafasi, jua aliyeupanga hakuujaribu kwa sauti.

Masomo ni kinyume chake. Ruthu 1:16–17, 1 Wakorintho 13, arusi ya Kana katika Yohana 2: taja kitabu, sura na aya, uishie hapo. Neno linalosomwa mimbarini ni la kusikilizwa, na watu waliopewa maandishi huinamia karatasi badala ya kumtazama msomaji. Tena msomaji akibeba Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 na karatasi ikachapa tafsiri ya Habari Njema, mabenchi yataanza kunong'ona kwamba dada anakosea. Wakatoliki wanaochagua somo kutoka Tobiti wahakikishe Biblia iliyo mimbarini ina kitabu hicho. Union Version ya Waprotestanti haina.

Kuna dakika ambazo waandikaji huzisahau kabisa, za kutia sahihi. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ya Tanzania, ndoa ya kanisani inaandikishwa na kupewa cheti kama ile ya bomani, na maharusi, mashahidi na mfungishaji wote wanatia sahihi. Kazi hiyo haiishi haraka, hasa mpiga picha akitaka kila mmoja aishike kalamu mara mbili. Kijitabu kilichofikiriwa huitaja kwa jina na kuweka wimbo wa kwaya hapohapo. Kisichofikiriwa huruka kutoka pete hadi sadaka, na kanisa linageuka soko.

Majina. Hapa familia hukwazana kwa miaka. Mzazi aliyetangulia mbele ya haki aandikwe, kwa herufi za ukubwa uleule, na "marehemu" mbele ya jina lake. Kumwacha kwa sababu "hayupo" ni kumzika mara ya pili mbele ya ndugu zake. Vyeo vya kikazi vya wazazi ningeviacha vyote, uhandisi na ukurugenzi pamoja, maana upande mmoja ukiwa navyo na mwingine hauna, ukurasa unakuwa mizani. Cheo cha kanisa kinabaki, na kiandikwe kama ofisi ya dayosisi au jimbo inavyokiandika.

Saa nazo. Siku hizi mtu hunakili saa kutoka kwenye simu, na tunasoma "ibada itaanza saa 2:00 mchana", saa ambayo kwetu haipo. Ni saa 8:00 mchana. Kosa hilo likiwa kwenye ukurasa wa mwisho, panapoelekezwa ukumbini, ndugu waliotoka mkoani watafika ukumbini giza limeingia, au wataketi humo mchana kutwa na wapambaji.

Sasa herufi, na hapa lugha yetu ina mahitaji yake. Herufi za mwandiko wa kujipinda, zile ambazo maduka ya uchapaji ya Kariakoo hukuonyesha kwanza, nyingi zilichorwa na watu ambao katika lugha zao k ni nadra. Sisi hatuwezi kumaliza sentensi bila hiyo. Kabla ya kukubali, mwambie kijana wa kompyuta aandike "Wakwe wakaribishwe kukaa". Kama k inafanana na h, au w zimeviringana hata huzihesabu, mwandiko huo ubaki kwenye majina mawili ya jalada, usiingie ndani. Na hata jaladani usiandikwe wote kwa herufi kubwa. Herufi kubwa za mwandiko hazikutengenezwa kushikana mikono.

Maneno yetu pia ni marefu. Ukurasa wa A5 ni mwembamba, milimita 148 tu, na ukiondoa pambizo unabaki na kama 120. Ukilazimisha mistari ilingane kushoto na kulia, "wanaokaribishwa" litashuka mstari wa chini na kuacha mapengo meupe juu yake. Mashine ikiruhusiwa kukata maneno hukata kwa kanuni za Kiingereza, nawe unaweza kukuta "upen-" mwisho wa mstari na "do" chini yake. Silabi zetu nyingi huishia na irabu: ha-ru-si, u-pe-ndo. Dawa rahisi ni kulinganisha upande wa kushoto pekee na kuacha upande wa kulia uchezecheze. Ukubwa wa pointi 12 kwa nyimbo, usipungue 11 kwa mengine. Bibi wa bwana harusi naye anataka kuimba.

Karatasi nitaipitia haraka, kwa kuwa ndiyo wachapaji wanayoizungumza zaidi. Gramu 80, ile ya kurudufia, inaonyesha maandishi ya upande wa pili. Kwa kurasa za ndani dai gramu 100 hadi 120, jalada 250. Ya kung'aa sana hurudisha mwanga wa taa za video machoni na kushika jasho la vidole; isiyong'aa ni bora, na Dar es Salaam mwezi wa Desemba inapepea vizuri zaidi, matumizi ambayo hakuna kamati iliyowahi kuyazuia. Tazama mgongo: rangi nzito iliyopasuka na kuacha mstari mweupe inamaanisha jalada halikupigwa mkunjo kwa mashine kwanza, au limekunjwa kinyume cha nyuzi za karatasi. Maandishi ya dhahabu yabaki kwenye majina. Ndani ya kanisa lenye madirisha madogo hayasomeki.

Kabla ya kuruhusu mashine, dai nakala ya mfano iliyokunjwa na kubanwa pini, kwa maana kwenye kioo cha kompyuta kurasa hazifunuki. Mpe mchungaji aisome na kutia sahihi. Kisha mpe mtu wa dhehebu jingine asiye wa kamati, na kila anapouliza "hapa je?" rekebisha mstari huo. Majina linganisha na fomu ya kutangaza ndoa, herufi kwa herufi. Usilinganishe na kadi ya mwaliko, ambayo huenda nayo imekosea. Nakala moja kwa kila watu wawili inatosha, ila kwaya, mpiga kinanda na mshereheshaji wapate zao siku moja kabla.