Ngano Iliyo Ndani ya Ukungu

Eti picha ya shamba ni pambo la ukutani tu! Neno hili nimelisikia mara nyingi kwenye vijiwe vyetu vya waandishi, nami nalipinga. Hebu tuutazame mchoro mmoja wa rangi ya mafuta: Des glaneuses, yaani Waokota Masazo, wa Mfaransa Jean-François Millet. Aliuonyesha Paris mwaka 1857, na leo umo katika jumba la Musée d'Orsay mjini humo humo.

Mbele wapo wanawake watatu. Wawili wameinama kabisa, wa tatu amejiinua nusu. Wanaokota masuke yaliyoachwa na wavunaji, fungu la maskini baada ya mwenye shamba kujaza ghala. Rangi zao ni nzito: kilemba cha buluu, kilemba chekundu, mikono iliyobabuka kwa jua. Sasa peleka macho nyuma. Kuna marundo makubwa ya ngano, gari lililosheheni, kundi la wavunaji na msimamizi juu ya farasi. Vyote vimefifia, kama vimefunikwa na vumbi la dhahabu.

Siri hii wachoraji wanaijua tangu zamani: hewa ikiwa nyingi kati ya jicho na kitu, rangi hupauka na kingo hulegea. Ndiyo maana mlima wa mbali huonekana wa buluu. Wengi huitumia kupendezesha tu, basi. Millet, mtoto wa mkulima wa Normandie, aliitumia kusema jambo: shibe ipo, inaonekana kwa macho, ila haifikiki. Si ajabu baadhi ya wahakiki wa siku zile waliuona mchoro huo kuwa tishio. Mapinduzi ya 1848 yalikuwa bado hayajasahaulika.

Lakini simsifu kwa kila kitu. Nyuso za akina mama wale zimo kivulini. Hatujui nani ana mtoto mgonjwa, nani anadaiwa. Brashi imewapa uzito wa mwili, sauti haikuwapa.

Hapo ndipo kazi yetu sisi wa kalamu inapoanzia. Hadithi zetu nyingi za vijana wa mjini zina kijiji chenye ukungu, kijito na bibi mwenye hekima, kwisha. Ndugu mwandishi, ukimweka mkulima mbele ya ukungu, tuambie basi ndani ya ukungu huo kuna nini, na ni mali ya nani.