MikroTik hAP ax lite: Kisanduku Kilichoitia Torenti Adabu Madaba

Aisee, mzigo umefika! Umeshuka kwenye basi la Songea, nimeufungua palepale juu ya meza ya duka, na tayari nataka kumwambia kila anayeishi kando ya barabara hii ya Makambako: achaneni na maruta yenye antena ndefu za kutishia watu. Kisanduku hiki hakina antena hata moja ya nje. Kinaitwa MikroTik hAP ax lite, kampuni yake ni ya Riga kule Latvia, kinaenea kiganjani, kina matundu manne ya kebo ya gigabiti, RAM ya MB 256, na (hapa ndipo nilipopiga kelele) kinakula umeme kwa USB-C. Yaani pawabenki ya simu inakiwasha! Tangu laini ya kilovolti 220 itoke Makambako hadi Songea, na kituo cha kupozea umeme kujengwa hapahapa Madaba, hali ni nyingine kabisa. Lakini radi za huku hazijaacha utani wake, na bando la usiku halisubiri umeme urudi. Ruta yangu ya laini ya 4G ina betri yake, hiki kina pawabenki, basi torenti inaendelea gizani kama vile hakuna kilichotokea.

Sasa mipangilio, maana ndipo utamu ulipo. Tangu Bram Cohen aitoe BitTorrent mwaka 2001, ushauri umekuwa uleule: fungua poti, 6881 na ndugu zake, wenzio waingie. Kwa laini ya simu, sahau. Tazama anwani uliyopewa na kampuni ya simu. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, ujue mmerundikwa wateja kibao nyuma ya anwani moja ya nje, na poti utakayoifungua nyumbani haina pa kutokea. Usikeshe nayo. Wewe ndiye utakayewafuata wenye poti wazi, nao watakupokea. Wapo wanaokimbilia VPN ili kupenya hapo; TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilishatangaza Oktoba 2023 kwamba wanaozitumia wazisajili, na mimi sikuona haja yake.

Siri yote iko kwenye foleni. Torenti haipakui tu, inagawa pia: kila kipande ulichokipata unawapelekea wengine, na njia ya kupakia ya 4G ni nyembamba. Ukiiachia bila kikomo, mrundikano unajengeka ndani ya ruta ya laini, na zile pakiti ndogo za kusema "nimepokea, leta kingine" zinakwama nyuma ya mlima wa vipande. Aliye upande wa pili haoni jibu, anapunguza mwendo. Kwa hiyo unabana upakiaji, na upakuaji unapaa! Nilicheka peke yangu.

Kubana huko ndiko hiki kisanduku kinakofanya kwa ufundi. Ndani yake kuna mfumo wa RouterOS 7 wenye foleni iitwayo CAKE. Unaweka kikomo cha kupakia chini kidogo ya kile laini inachotoa saa za jioni, wakati mnara umeelemewa, si kile cha saa tisa usiku. Halafu unaiambia CAKE igawe njia sawa kwa kila kifaa. Kompyuta yenye miunganisho 200 inahesabiwa mtu mmoja, sawa na simu ya bi mkubwa. Na bi mkubwa alikuwa hewani kwa video na mjukuu wake aliyeko Songea, hakukatika, huku Linux Mint, karibu GB 3, ikiteremka chumba cha pili!

Ila kuna mtego, na wengi wataununua huu mtambo kisha waulaumu bure. Kwenye sheria za faiwoli zinazokuja nao imo moja iitwayo FastTrack, ambayo huipitisha data pembeni, haigusi foleni. Usipoizima, CAKE yako ni pambo. Ukiizima, prosesa inabeba kazi zaidi, lakini kwa mwendo wa 4G wala haihemi. Winbox, programu ya kuuendeshea, ina menyu za kutisha, vumilia.

Kasoro? Wi-Fi yake ni ya GHz 2.4 pekee. Kwa kupenya kuta za matofali ya kuchoma hiyo ni sifa, kwa kuhamisha mafaili makubwa si sifa hata kidogo. Nunua kebo. Tena nunua ndefu, kwa sababu bado sijasema lililonikosesha usingizi: washa kwenye qBittorrent, programu ya torenti, kile kipengele cha kutafuta wenzio walio kwenye mtandao wa ndani. Kompyuta ya kwanza ikishalipakua faili, ya pili inalichota kwake, kwa kebo, na gigabiti moja ni zaidi ya MB 100 kwa sekunde! Bando limeliwa mara moja tu! Na vya kuchota vipo: Kiwix, mradi wa kusoma Wikipedia bila intaneti, wanatoa Wikipedia nzima kwa torenti, ile ya Kiingereza yenye picha inapita GB 100, na yetu ya Kiswahili ni ndogo mno kando yake. Hiyo ya Kiswahili ndiyo inayoteremka sasa hivi. Mwalimu yeyote wa Mahanje au Wino mwenye kompyuta na nafasi kwenye diski, aje na kebo yake.