Entebbe Katika Filamu: Nani Aliyeachwa Gizani?

Kisorya ni mwalo wa wavuvi na kivuko cha kwendea Ukerewe. Ziwa linalopiga ufuko wake ndilo lile lile linalopiga ufuko wa Entebbe, upande wa kaskazini. Kwa hiyo tunapozichambua filamu za Entebbe hatuchambui mambo ya ng'ambo. Tunachambua yaliyotokea kwa jirani.

Tukio lenyewe lajulikana. Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France ilitekwa baada ya kuruka kutoka Athens, ikapelekwa Benghazi na hatimaye Entebbe, ambako Idi Amin aliwapokea watekaji. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, askari wa Israel waliwaokoa mateka 102. Filamu ya kwanza ilionyeshwa Desemba mwaka huo huo. Raid on Entebbe ya Irvin Kershner ikafuata Januari 1977.

Kwa upande wa fani, filamu ya Kershner ina sifa zake. Haikimbilii bunduki. Yatuonyesha kwanza baraza la mawaziri likibishana, na Peter Finch, katika nafasi ya Rabin, akiulemewa uamuzi. Yaphet Kotto naye amemwigiza Amin kwa ufundi: tabasamu lake latisha kuliko ukali wake.

Ila kasoro imo katika maudhui. Mwafrika aliyepewa sura kamili ni Amin peke yake. Askari wa Uganda waliouawa uwanjani, makumi kwa hesabu, ni vivuli vya kuangushwa tu; hatuambiwi walitoka kijiji gani wala nani aliwalilia. Zaidi ya hayo, hadithi hufungwa pamoja na walionusurika. Lakini ndege zile zilijaza mafuta Nairobi, na kwa sababu hiyo watu wa Amin waliwaua Wakenya kwa mamia waliokuwa wakiishi Uganda. Kwao hao, msiba ulianza pale filamu inapomalizikia.

Hatusemi haya ili kumtetea Amin, wala kupunguza haki ya mateka ya kuokolewa. Dhuluma yake tuliionja sisi wenyewe alipoivamia Kagera mwaka 1978. Vijana wa Mara walikuwamo katika jeshi lililoingia Kampala, pamoja na wapiganaji wa Uganda, tarehe 11 Aprili 1979. Hata hivyo, vita hivyo vilivyouangusha utawala wake havikupata katika sinema ya dunia umaarufu uliopewa mapigano ya usiku mmoja.

Basi mwalimu aonyeshapo filamu ya namna hii, na awaulize wanafunzi: Ni nani anayesema? Ni nani aliyenyamazishwa? Hadithi imekatwa wapi, na kwa faida ya nani? Kisha kila mmoja aandike onyesho moja lililokosekana: mama wa Kikenya mjini Kampala, asubuhi ya tarehe 5 Julai, akisikia mlango ukigongwa.